Mikono ya Gauni la Mwanasesere

Kaswera alikuwa na wivu. Tuseme hivyo wazi tangu mwanzo, tusizungukezunguke. Alimwonea wivu mwanamke ambaye hakuwahi kumwona zaidi ya mara mbili, na sababu, kama ungembana aseme, ilikuwa mikono miwili ya gauni, kila mmoja mfupi kuliko kidole gumba.

Gauni lilikuwa la mwanasesere. Bénie alishuka nalo kwenye gari la kutoka Beni Jumatano mchana, mwisho wa likizo kubwa, amemkumbatia mwanasesere wake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Miezi miwili alikuwa kwa baba yake. Kaswera alikuwa amehesabu siku, amepika maharagwe na ndizi anazozipenda Bénie, amepanga hata maneno ya kumpokea. Mtoto hakuyangoja maneno.

"Mama Kaswera, angalia! Poupée yangu iko na robe ya mikono ya ballon! Mama Joyeuse njo alimushonea!"

Kabla hata ya kuliangalia gauni na mikono yake iliyofura kama puto, Kaswera alikuwa amekwisha kuumia mara mbili. Mwezi wa saba mtoto aliondoka Butembo akisema "tantine Joyeuse", na sasa tantine, yaani shangazi, amekuwa mama. Hilo la kwanza. La pili lilimchoma zaidi. Kwa miaka tisa yeye alikuwa "mama" tu, bila jina nyuma, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuchanganywa naye. Sasa mama wamekuwa wawili, na yeye naye amebandikwa jina.

Bénie hakutoka tumboni mwake. Alikuwa wa mdogo wake, Maliro, aliyefariki mtoto akiwa na miezi mitatu. Gracien, baba wa mtoto, wakati ule alikuwa kijana asiyejua hata upande wa kumshika mtoto, akaenda Beni kuanza biashara ya kakao, na Kaswera, ambaye hakujaliwa kuzaa, akamfunga Bénie mgongoni na kurudi kwenye mashini yake ya kushonea. Mtoto alijifunza kulala kwa mlio wa ile mashini. Miaka ikapita hivyo, shwari kabisa, mpaka Gracien akaoa. Akamwoa Joyeuse, naye pia fundi wa kushona, kana kwamba Beni nzima hakukuwa na mwanamke wa kazi nyingine.

Na sasa Gracien alitaka mtoto wake. Alikuwa amekwisha kusema kwa simu: Jumapili atakuja na mke wake, wakae na Kaswera na kaka yake mkubwa Ananie, wazungumze kifamilia, na Bénie mwenyewe aulizwe anataka kusoma wapi mwaka huu. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki inayofuata. Basi mikono ile ya ballon haikuwa mikono tu. Kaswera aliiona kama neno la kwanza la Joyeuse katika kikao ambacho kilikuwa bado hakijaanza.

Alimpokea mwanasesere, akanyanyua mkono wake wa plastiki na kuchungulia kwapani. Alikuwa anatafuta kosa. Fundi anajua mahali makosa yanapojificha. Hakuliona. Kichwa cha mkono kilikuwa kimefinywa marinda madogomadogo, yamelizunguka bega sawasawa, hakuna rinda lililokimbilia upande wala mkunjo uliovuta. Na tundu lenyewe la mkono lilikuwa dogo kama kifuniko cha chupa.

"Ni muzuri," alisema, na hilo neno lilimtoka kwa shida.

Sasa ujue Kaswera ni nani. Kuanzia mtaa wa Vulamba mpaka Rughenda, mtu akitaka gauni ambalo mkono wake hauvuti begani, anaambiwa aende kwa Kaswera. Maharusi wanakuja, wasimamizi wao wanakuja, wake za wachungaji wanakuja na vitambaa vyao vya Dubai na kusema, mama, mikono unijulie mwenyewe. Alifundishwa na masista, miaka mitatu, na masista walikuwa wakimwonyesha kwa wenzake: tazameni mkono wa Kaswera. Kitu hicho kilikuwa chake, kama wengine walivyo na shamba au ukoo mkubwa.

Na mwaka uliopita Bénie alimwomba, kwa adabu kabisa, amshonee mwanasesere wa zamani gauni la mikono, kwa sababu asubuhi kuna baridi. Kaswera alikuwa na kazi za watu mezani. "Poupée hapana shonewaka mikono," alimjibu. "Tundu ni kadogo, mashini haiwezi kuingia. Umufunike kitambaa." Mtoto alimfunika kitambaa na hakuomba tena. Sasa Kaswera alilikumbuka jambo hilo, na roho ilimuuma kwelikweli.

Alhamisi aliamka na nia moja. Alimpa Bénie chai, akamwacha acheze na watoto wa jirani, akaingia karakana yake, akashusha pazia la mlangoni na kuziweka kando kazi za watu. Alikata gauni la mwanasesere. Akaanza kwa njia aliyofundishwa, ambayo kwake ndiyo njia pekee ya heshima: unafunga kwanza mwili wa gauni, unafunga mkono uwe bomba, kisha unaliingiza bomba kwenye tundu na kulizungusha polepole chini ya sindano. Kwa nguo ya mtu mzima hakuna njia inayoishinda.

Kwa mwanasesere, mguu wa mashini ulikuwa mkubwa kuliko tundu zima. Alijaribu kwa mkono, sindano nyembamba, vidole vyake vinene vikiziba njia. Mkono wa kwanza ulijikunja. Wa pili ulitokea umegeuka nyuma mbele. Wa tatu ulikaa, lakini bega lilisimama juu kana kwamba mwanasesere anamuuliza mtu, mimi nitajuaje?

Florentine, jirani anayeuza uzi na vifungo kwenye kibaraza chake, alichungulia pazia. "Kaswera, leo uko unashona nini? Kofia ya panya?"

"Endesha biashara yako, Florentine."

Florentine alicheka na kurudi kwenye kiti chake. Kaswera alizitupa zile nguo tatu kwenye gunia la vipande na kukaa, mikono mapajani. Mtu mwingine angesema, basi, yule dada wa Beni anajua kitu ambacho mimi sikijui, nitamuuliza akija. Ni sentensi fupi. Kaswera angekubali kumeza sindano kuliko kuisema.

Ijumaa baada ya chakula Bénie alikwenda kwenye mazoezi ya korali ya watoto, parokiani. Mwanasesere alimwacha kitandani. Kaswera alimchukua, akamvua gauni, akaketi nalo karakanani kwenye mwanga wa dirisha na kiwembe mkononi. Alijiambia kwamba anataka kuona tu.

Ipo sheria ambayo kila fundi anaijua, na wanagenzi wa Kaswera waliisikia kwake mpaka wakachoka: ukifumua nguo ya mtu ili uone ilivyoshonwa, fumua mkono mmoja tu. Wa pili unauacha uwe shahidi. Ukipotea njia, shahidi atakuambia. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kumpiga rula kwenye vidole msichana mmoja aliyefumua yote miwili.

Alifumua wa kwanza. Alikata uzi kila baada ya mishono mitatu, kama inavyotakiwa, akavuta. Mbele ukatoka, nyuma ukatoka, lakini chini ya kwapa ukakataa. Kitu kilikuwa kimeubana. Kaswera alivuta, akakasirika, akakata bila kuangalia. Mkono ulibaki kwenye kiganja chake, kijipande cha kikwembe, yaani kitenge, chenye maua ya njano, na hakikumwambia lolote.

Hapo ndipo alipopaswa kuacha. Alijua kabisa kwamba hapo ndipo alipopaswa kuacha. Lakini alimwona Joyeuse akilini, mwanamke mdogo anayecheka na mtoto wake juu ya meza huko Beni, anamwonyesha, unaona, iko vile, na mtoto ameegemeza kidevu begani kwake. Kijiba cha roho kilimkaba. Akaushika mkono wa pili na kuanza kuufumua nao.

Safari hii alikwenda taratibu, na alipofika kwapani akaona. Mshono wa ubavu wa gauni na mshono wa mkono ulikuwa mshono mmoja, umeanzia mwisho wa mkono mpaka kiunoni bila kukatika, na mshono wa kuunga mkono begani ulikuwa umelala chini yake. Maana yake mkono uliwekwa kwanza, wakati gauni bado liko wazi kama daftari, halafu vyote vikafungwa pamoja kwa safari moja. Hakuna bomba, hakuna kuzungusha. Ni kazi ambayo mtoto wa darasa la sita angeiweza, kama angeambiwa. Kaswera alijisikia mjinga, na hasira ya kujisikia mjinga ni mbaya kuliko zote.

Kisha akaangalia mapajani mwake. Gauni halikuwa na mikono. Joyeuse alikuwa ameacha ukingo mwembamba kama njiti ya kiberiti, na ukingo huo ulikuwa umefumuka nyuzinyuzi kwa kule kuvuta. Alijaribu kuurudisha, haukushika. Alijaribu tena, tundu likapanuka. Mazoezi ya korali yalikuwa yanaisha saa kumi.

Neno la Florentine ndilo lililomjia. Panya. Nyumba gani ya Butembo haina panya? Lakini ukingo uliokatwa kwa kiwembe umenyooka, na panya hana kiwembe. Basi Kaswera, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwalimu wa wanagenzi, aliinamisha kichwa, akaitia mdomoni mikono ya gauni la mwanasesere, kisha matundu yake, na kuzitafuna kingo. Mmoja, halafu wa pili. Ulikuwa na ladha ya sabuni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujua ni ya nini, haya au hasira, lakini alitafuna mpaka ukingo ukachakaa vizuri, kisha akalitupa gauni chini ya kitanda na kutoka nje kupunga hewa.

Bénie alikuwa ameketi kibarazani kwa Florentine, anakula karanga.

"Shi ulirudia mbio?" Kaswera aliuliza, akishangaa amewahi hivyo.

"Maître wa chorale hakukuya, hatukuimba."

"Iko hapa kitambo," alisema Florentine. "Nilimupatia karanga, anyamaze kidogo. Batoto ba siku hizi, masemi mingi."

Lakini Bénie hakuwa na maneno mengi siku ile. Alipoonyeshwa gauni aliliangalia, akamwangalia Kaswera, akaliangalia tena.

"Panya njo ilikula, mwanangu. Pole. Nitakushonea ingine."

"Panya?"

"Eh. Panya."

"Sawa," alisema Bénie. Hakulia. Kaswera alikuwa amejiandaa kwa kilio, na alipokikosa alijikuta anafurahi, kwa sababu alifikiri mtoto hakulipenda sana lile gauni la watu.

Jioni Gracien alipiga simu kama kawaida yake. Bénie aliichukua simu akaenda nayo nje, pembeni mwa nyumba ambako mtandao unashika. Kaswera alimtazama kwa dirishani. Mtoto alimsalimu baba yake upesi, kisha akasema na mtu mwingine muda mrefu, kwa sauti ndogo, amegeuza mgongo. Kaswera hakulala vizuri kwa ajili ya ule mgongo.

Jumapili baada ya misa walikuja. Ananie alifika wa kwanza kwa pikipiki kutoka Rughenda, suruali yake imejaa vumbi, koti lake la vikao begani. Kaswera alikuwa amevaa gauni lenye mikono migumu kuliko yote aliyowahi kushona, imefura begani, imebana kwenye kifundo cha mkono kwa vifungo sita. Kama kuna mtu alikuja kuona mikono, na aone. Alikuwa amemwombea Joyeuse aje siku hiyo na sura mbaya, na sala hiyo haikujibiwa. Joyeuse aliingia nyuma ya mume wake, mwembamba, wa miaka thelathini hivi, akapiga goti kidogo alipompa mkono, akamshukuru kwa kuwapokea, akimwita dada mkubwa.

"Wasingya, yaya. Ile mikono! Uliifanya aje?"

"Kazi ya masista," Kaswera alijibu kwa mkato, lakini alifurahi, akajichukia kwa kufurahi.

Walikaa. Bénie alileta mwanasesere, amefungwa kitambaa juu ya lile gauni. Gracien alikifunua.

"Mais robe ilifanya nini?"

"Panya," alisema Kaswera.

Joyeuse alinyoosha mkono na kulichukua gauni. Kaswera alitamani ardhi impasukie. Kwa macho ya Gracien na Ananie, ukingo uliotafunwa ni ukingo uliotafunwa. Lakini huyu alikuwa fundi. Pale kwapani, ambako meno hayakufika, uzi ulikuwa umekatwa kila baada ya mishono mitatu. Joyeuse alipitisha kidole gumba mahali hapo, polepole. Neno moja tu lilitosha. Angelisema, mtoto angeondoka jioni hiyohiyo, na Ananie mwenyewe angembebea sanduku.

"Hizi panya!" alisema Joyeuse. "Ata ku Beni ziko. Zilinikulia rideau nzima ya dirisha."

Akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha kikwembe kilekile cha maua ya njano, sindano, uzi na mkasi. Kaswera alikitazama kile kipande. Sasa anatembea na vitambaa kwenye mkoba, alijisemea, ili kila mtu ajue ni fundi. Hakujiuliza zaidi ya hapo. Mwenye wivu hana nafasi ya kujiuliza.

Wanaume wakaanza maneno yao, na Joyeuse akaanza kushona. Aliufungua ubavu wa gauni pande zote mbili mpaka likalala wazi gotini. Alikata mikono mipya kwa macho tu.

"Yaya, unishikie hapa kidogo," alisema.

Ndipo Kaswera akajikuta anamshikia. Kichwa chake na cha Joyeuse viligusana karibu, vidole vyake vinene vikibana marinda huku vile vyembamba vikipitisha sindano. Joyeuse alikuwa anashona pole kuliko ilivyohitajika. Kila hatua aliisimamisha kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake aone, na hakueleza kitu. Kaswera aliona yote na hakuuliza kitu.

"Beau-frère," Gracien alikuwa anamwambia shemeji yake Ananie, "miye sisemi yaya Kaswera alimuchunga mubaya. Hapana. Aliokoa mutoto wangu, na Mungu anajua. Mais sasa niko na nyumba. Shule iko karibu. Tulishamutengenezea chumba yake, Joyeuse alishona rideaux, alishona ata draps za kitanda, na maua."

Sindano ya Joyeuse ilisimama aliposikia neno chumba, kisha ikaendelea.

"Na weye, Kaswera?" aliuliza Ananie.

Kaswera alikuwa na hotuba. Alikuwa ameiandaa wiki nzima, miaka tisa ndani yake, surua, malaria, ada za shule, usiku wa kikohozi. Alifungua mdomo, akaona gauni mikononi mwa Joyeuse, na hotuba yote ikamkimbia.

"Ni mutoto wangu," alisema tu. "Sina ingine."

"Bon. Tumuulize mwenyewe," alisema Ananie. "Bénie, njoo hapa. Usiogope mutu. Unataka kusomea wapi?"

Bénie alisimama katikati ya chumba. Alimtazama Joyeuse, lakini Joyeuse hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Alimtazama baba yake.

"Nitabaki hapa," alisema. "Na mama."

Mama. Bila jina nyuma. Gracien aliinamisha kichwa na kusema sawa, kama njo vile, sawa, lakini likizo zote aje. Ananie akatikisa kichwa kukubali. Joyeuse alikata uzi kwa mkasi, akamvisha mwanasesere gauni, akafunga vibonyezo vya mgongoni na kumpa mtoto.

"Imeisha," alisema. Kisha akauliza choo kiko wapi. Alikaa huko muda, na aliporudi alikuwa amenawa uso, ila macho yalikuwa bado mekundu. Kaswera aliyaona yale macho, na, aibu iwe juu yake, alifurahi.

Hawakukawia. Barabara ya Beni watu wanapenda kuimaliza jua likiwa bado juu. Kaswera aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akamfungia Joyeuse viazi vya kwenda navyo, mkubwa wa moyo kama watu wote walioshinda.

Jioni alikuwa anasonga ugali huku anaimba. Alimwambia Bénie kwamba Jumatatu watanunua viatu vya shule, na kwamba atamshonea mwanasesere nguo tano, zote za mikono, kwa sababu sasa amejua namna. Bénie alikuwa anachambua mboga. Hakuonekana kusikiliza.

"Mama, miye nilikuonaka."

"Uliona nini?"

"Vendredi, siku ya korali. Nilirudia, nikafungua rideau kidogo. Ulikuwa unauma ile mikono na meno. Na ulikuwa unalia."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Kaswera hakugeuka.

"Nilimuambia mama Joyeuse ku téléphone," mtoto aliendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma hesabu. "Akasema nisikuambie kitu, utasikia haya. Akasema yeye ataleta kipande yenye ilibakia."

Kwa hiyo kile kipande hakikuwa cha kujionyesha. Na panya wa Beni hakula pazia lolote. Siku mbili nzima, wakati yeye anapanga hotuba na kuvaa mikono migumu, wawili wale walikuwa wamekaa upande mmoja na siri yao, wakimfunika. Hicho ndicho kilichomkata maini. Alikuwa tayari kusamehewa uongo. Lakini kwamba mtoto wake na yule mwanamke walikuwa na jambo lao wawili tu, na jambo lenyewe ni yeye!

"Sasa juu ya nini ulisema utabaki na miye?" aliuliza, na sauti ilimtoka nyembamba. "Kama yeye ni muzuri vile?"

Bénie aliwaza. "Mama Joyeuse iko na papa," alisema. "Weye hapana weza kubaki peke yako. Utafanya nini?"

Kaswera alishusha sufuria. Alitoka nje mpaka pembeni mwa nyumba, mahali pale pale ambapo mtandao unashika, akapiga namba ya Gracien na kuomba apewe mke wake.

"Yaya," alisema Joyeuse. "Tulifika muzuri. Viazi, wasingya."

"Ni miye nilikula ile mikono."

"Najua, yaya."

Kaswera alikuwa amekusudia kuomba msamaha. Lakini wivu ndio uliotangulia kusema. "Ulijua, na ukanyamaza! Ungesema neno moja, mutoto angekuwa kwako leo. Shi ulikuwa unamutaka?"

Nyuma ya Joyeuse palisikika bomba la maji na watu wanaopita.

"Nilimutaka sana," alisema. "Leo nilitoa zile draps kwa kitanda, nikazikunja. Mais ningelisema, angekuja huku na anakuonea weye haya. Na mutoto mwenye alikupenda vile, yaya, miye ningemukamata aje?"

Kaswera alisimama na simu sikioni mpaka Joyeuse akauliza kama bado yuko. Akasema yuko. Akasema pole, neno moja, likatoka vibaya, likiwa limevunjikavunjika, na Joyeuse akalipokea hivyohivyo.

"Noël njo atakuja kwako," Kaswera alisema. "Likizo yote. Zile draps uzirudishe ku kitanda."

Kisha alimwita Bénie, akamkabidhi simu, naye akaingia ndani na kufunga mlango ili asisikie wanachosema. Alisikia tu wanavyocheka. Iliuma kama ilivyouma siku ya Jumatano, wala si pungufu. Alishika mwiko, akapakua ugali kwenye sahani mbili, akaketi kungoja mpaka wamalize.